Sahihi ya mzazi

Jumamosi moja nilimsindikiza mtoto wa jirani yangu kwenda kumwona baba yake katika gereza moja la mahabusu hapa Dar es Salaam. Mama yake alikuwa ameamka na homa, na siku ya kutembelea ikipita imepita. Binti ana miaka 10, yuko darasa la tano. Tulipanda daladala alfajiri tukiwa na kapu: wali kwenye hotipoti, maharage, ndizi mbivu nne na kipande cha sabuni. Mgongoni alibeba mkoba wake wa shule. Ndani yake mlikuwa na daftari moja, na ndani ya daftari karatasi moja aliyoiweka humo ili isikunjike. Ilikuwa ripoti yake ya muhula.

Getini tuliandikishwa: jina la mgeni, jina la mahabusu, uhusiano. Askari aliyekuwa zamu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alipofika kwenye hotipoti alisema neno moja tu: "Onja." Ndio utaratibu. Aliyeleta chakula anakionja kwanza, ijulikane hakina sumu. Nilinyoosha mkono kuchukua kijiko, nikakuta mtoto ameshakichukua. Akaonja wali, akaonja maharage, akamega ncha ya ndizi, akafuta kijiko kwa kitambaa na kukirudisha kapuni. Hakuna aliyemwelekeza. Ni kazi yake ya kila Jumamosi, kama wenzake siku hiyo wanavyofua sare.

Waliongea dakika chache, wavu ukiwa kati yao, na watu kulia na kushoto wakipaza sauti ili wasikike. Baba aliuliza kama wamekula, mama anaendeleaje, mdogo wake ameacha kukohoa? Kisha binti akatoa ripoti na kuanza kuisoma kwa sauti, somo baada ya somo. Hisabati 41 kati ya 50. Sayansi 38. Kiswahili 29. Baba akamkatisha: "Kiswahili umeshuka. Muhula uliopita ulipata ngapi? Nani anakukagua madaftari?" Alimgombeza, tena kwa ukali, mbele za watu. Mtoto akacheka hadi mabega yakatikisika. Nilichelewa kuelewa. Miezi yote hiyo kila mtu amekuwa akimwonea huruma: bibi, walimu, mimi mwenyewe. Siku hiyo alipata wa kumgombeza.

Chini ya ripoti kuna mstari wa sahihi ya mzazi au mlezi. Binti aliomba karatasi ipitishwe ndani isainiwe. Askari alimjibu taratibu kwamba karatasi haziingii, labda kupitia kwa wakili. Binti akairudisha ndani ya daftari.

Sitasema baba yake anashtakiwa kwa lipi wala wanaishi mtaa gani, kwa sababu binti anasoma na watoto ambao wazazi wao wana simu. Inatosha kusema kwamba kesi yenyewe inatokana na siasa, na kosa halina dhamana. Njiani kurudi aliniuliza, "Anti, Jumanne kesi inatajwa. Ikitajwa, baba anarudi?" Nikajaribu kumweleza mtoto wa miaka 10 kwamba kutajwa sio kusikilizwa, na kusikilizwa sio kuhukumiwa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akageuka kutazama dirishani.

Kwa miaka mingi nimeandika kuhusu kukamatwa, dhamana, mashtaka na kufutwa kwa mashtaka, na kila mara hesabu yangu ilikuwa ya watu wazima: fulani kakamatwa, wangapi wameachiwa, nani kakimbia nchi. Jumamosi ile niliona kwamba nyuma ya kila jina kwenye hati ya mashtaka kuna mtu mwingine ambaye hakusomewa shtaka, hana wakili, hakuna hakimu anayeuliza habari zake, na anautumikia muda uleule. Na katika yote anayonyimwa, linalomla zaidi ni kutoambiwa. Hajui lini. Wengine hawajui wapi.

Tuanze na lini. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu ambacho wengi wetu tunakijua kwa namba 148(5), inataja makosa ambayo mahakama haina mamlaka ya kuyatolea dhamana: mauaji, uhaini, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha mahali pake. Kesi kubwa za namna hii zikifika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu hazisikilizwi hapo; zinasubiri upelelezi ukamilike ndipo zihamie Mahakama Kuu. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili hivi karandinga linaingia, mtuhumiwa anapandishwa kizimbani, wakili wa Serikali anasema upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine inapangwa. Siku hizi wakati mwingine haletwi kabisa. Anaonekana kwenye skrini akiwa hukohuko gerezani, na familia iliyopanda magari mawili kuja kumpungia mkono kwa mbali inarudi bila hata hilo.

Kwa wakili, wiki mbili ni ahirisho moja. Kwa mtoto wa darasa la kwanza ni jino moja limeng'oka na lingine limeanza kuchungulia.

Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walifikishwa mahakamani Dar es Salaam mwaka 2014 kwa mashtaka ya ugaidi. Mashtaka yakafutwa Juni 2021. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 kesi ilipoanza alikuwa na 13 ilipokwisha, na katika miaka yote hiyo kumwona baba kulitaka nauli ya boti na siku nzima ya kuvuka bahari na kurudi. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema, alikamatwa Mwanza Julai 2021, naye akashtakiwa kwa ugaidi. Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akasema hana nia ya kuendelea na shauri. Maneno hayo yakitamkwa, nje ya mahakama hupigwa vigelegele, na wanaopiga wana haki ya kufurahi. Ila ndani ya maneno hayo hamna kitu cha mtoto. Aliyerudia darasa amerudia. Aliyejifunza kukojoa kitandani upya akiwa na miaka 8 anabaki na aibu yake. Sherehe ya kuhitimu darasa la saba haipangwi mara ya pili.

Kamba hii hukata pande zote mbili. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akakaa mahabusu miezi saba. Mama yake mzazi alifariki siku ya mwisho ya mwaka huo. Kabendera aliomba mahakama impe ruhusa ahudhurie ibada ya kumuaga, hakupewa. Naye ni mtoto wa mtu, hata kama ana ndevu.

Fedha nazo. Akifungwa anayeleta riziki, kodi ya nyumba inadaiwa ileile, na mwenye nyumba wa Dar anataka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Mama anafungua genge, haitoshi, ndipo watoto wanaanza kugawanywa. Mkubwa anakwenda kwa baba mkubwa Morogoro, wa kati kwa bibi kijijini, mdogo anabaki mgongoni. Walioanza kwa kumkosa baba wanamalizia kwa kukosana wao kwa wao. Nimeziona familia mbili zikifika hapo. Jirani yangu bado anapambana isiwe ya tatu.

Sasa wapi. Hapo ndipo pagumu kuliko pote.

Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiripoti mauaji ya Kibiti na Rufiji, alichukuliwa Novemba 21, 2017. Mkewe alikuwa mjamzito. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo amefikia umri wa kwenda shule na hajapata kumwona baba yake. Julai 2019 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje aliiambia BBC maneno ambayo dunia nzima iliyaelewa kwamba Azory amefariki, kisha ikafuata kauli kwamba hakueleweka vizuri. Hebu fikiria uko kwenye nyumba hiyo. Redioni baba amekufa, siku ya pili hajafa, siku ya tatu hakuna anayesema lolote, na hali imebaki hivyohivyo mpaka leo. Agosti 2024 Deusdedith Soka, kada wa Chadema, na vijana wenzake wawili walichukuliwa Temeke. Septemba mwaka huohuo Ali Kibao, naye wa Chadema, alishushwa kwenye basi Tegeta mchana kweupe, mwili wake ukaokotwa Ununio. Inatisha kuandika hivi, lakini ukiwa miongoni mwa waliotekwa wapendwa wao unaweza kujikuta ukimwonea gere mwenye kaburi.

Sisi watu wa pwani tuna utaratibu wa kifo kwa sababu tunajua kifo kinavunja watu. Tunaweka tanga, tunalala chini, tunasoma, tunapika pamoja, na siku ikifika tunaanua tanga, mfiwa anaambiwa sasa inuka. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi, na siku inayofuata anatoka. Wakristo wana arobaini yao na misa zao. Yote hayo yana mwanzo na mwisho, na mtoto anayashuhudia, anajifunza kwamba huzuni ina mlango wa kutokea. Kwa mtu aliyetekwa hakuna tanga lililowekwa, basi hakuna la kuanua. Mke haingii edani wala hatoki. Shangazi hajui avae nini. Akiletwa mtu wa kumwombea, anaombewa kama mgonjwa au kama marehemu?

Na nyuma ya hayo kuna mambo ya karatasi. Bila cheti cha kifo hakuna mirathi ya kufungua Mahakama ya Mwanzo. Bila mirathi, fedha za benki zinabaki benki, kiwanja kinabaki kwa jina la mtu ambaye hayupo na hajafa, mafao hayatoki. Mtoto anafukuzwa shule binafsi aliyokuwa akisoma huku fedha za ada yake zikiwa kwenye akaunti ambayo hakuna anayeweza kuigusa.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu, na hasa walio serikalini, waisome upya Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Mwishoni mwa ibara hiyo kuna maneno ambayo hayatajwi kwenye warsha zetu. Inasema kwamba pale mtoto anapotenganishwa na mzazi kwa hatua iliyochukuliwa na dola, iwe kuwekwa kizuizini, kufungwa, kupelekwa uhamishoni, kufukuzwa nchini au hata kifo, dola hiyo ina wajibu wa kumpa mtoto au familia, wakiomba, habari za msingi za mahali alipo mzazi huyo, isipokuwa kama habari zenyewe zitamdhuru mtoto. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao tuliuridhia mwaka 2003, unasema jambo hilohilo katika Ibara ya 19. Sheria yetu wenyewe ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake. Walioandika vifungu hivi walijua dola hukamata watu. Hawakusema isikamate kamwe. Walichosema ni kwamba hata ikikamata, mtoto akiuliza baba yuko wapi, ajibiwe.

Kama ni wasiojulikana waliomchukua, kama inavyosemwa kila mara, basi wajibu wa polisi wa kutafuta na kumweleza mtoto kilichopatikana ndio unakuwa mkubwa zaidi. Jibu la "tunaendelea na uchunguzi" lina umri wa zaidi ya miaka minane kwa mtoto wa Azory.

Baada ya uchaguzi mkuu na maandamano ya Oktoba 29, 2025, mambo haya yaliacha kuwa ya familia za wanasiasa na waandishi. Intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, na wapo ambao hawakurudi nyumbani. Ndugu zao walizunguka kwa mpangilio ambao jiji zima lilijifunza bila kufundishwa: vituo vya polisi kwanza, halafu hospitali, halafu vyumba vya maiti. Mapema Novemba watu zaidi ya 200 walifikishwa mahakamani kwa uhaini. Rais, akihutubia Bunge Novemba 14, aliwataka wanaoendesha mashtaka kuwaangalia kwa jicho la huruma vijana waliofuata mkumbo, na wengi wakaachiwa. Nilifurahi, na nasema hivyo bila kinyongo. Wengi wa wale ni watoto wa watu na baadhi yao tayari ni baba za watu. Lakini huruma ni ya mwenye kuitoa. Anaitoa leo, kesho anaweza asiitoe. Ninayoizungumzia hapa ni haki, ambayo mtoto angeweza kwenda kuidai kaunta akiwa na sare yake ya shule.

Kuna sentensi nimeisikia kila ninapoligusa jambo hili, kwenye daladala, saluni, hata msibani: "Naye angefikiria watoto wake kabla ya kujiingiza huko." Wanaoisema si watu wabaya. Wengi ni akina mama wenzangu, waliolelewa kuamini kwamba mzazi mzuri hukaa kimya. Imenichukua muda kujua kwa nini inanichoma.

Inanichoma kwa sababu mtoto anaisikia. Binti wa jirani ameisikia dukani alipotumwa chumvi, na jioni akamuuliza mama yake kama ni kweli baba hakuwafikiria. Sentensi hiyo inamchukulia baba kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alichukuliwa mwili. Safari hii anachukuliwa moyoni, maana mtoto akishaamini kwamba baba alichagua siasa akawaacha wao, hata siku akirudi atakuwa amerudi mtu mwingine. Inanichoma pia kwa kile inachokikubali bila kujua. Ukisema mtu angewafikiria wanawe ndipo anyamaze, umekubali kwamba watoto ni dhamana iliyoshikwa, kwamba kila mwenye mtoto nchini ana mateka anayelala kitanda cha pili, na atamlipia kila neno atakalosema hadharani. Nchi ambayo wazazi wote wananyamaza kwa ajili ya watoto wao, watoto hao wakikua watakuta nini cha kusema?

Na wapo wanaouliza mbona sililii watoto wa wezi. Nawalilia. Mtoto wa mwizi wa kuku ana haki ileile ya kujua baba yuko wapi, na akifika wavuni anaonja wali uleule. Tofauti ni kwamba baba wa huyo ana dhamana, ana shtaka linaloeleweka, na majirani hawaogopi kumbebea mtoto wake kapu.

Jiji hili linalijua jambo hili kuliko majiji mengi. Frelimo, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa hapahapa Juni 1962, na mwaka uliofuata ikafunguliwa Taasisi ya Msumbiji, Kurasini, chini ya Janet Mondlane, kwa ajili ya vijana waliovuka mpaka na kuwaacha wazazi wao chini ya Wareno. Februari 3, 1969, mumewe, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi cha kitabu alichokifungua hapa Dar es Salaam. Watoto wao watatu walibaki bila baba wakiwa katika mji huu. Baada ya mauaji ya wanafunzi wa Soweto, Juni 16, 1976, vijana wa Afrika Kusini walianza kumiminika, na Serikali yetu ikawapa ANC, chama chao cha ukombozi, shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro. Wakajenga shule, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Palikuwa na madarasa, karakana, mashamba, hospitali na kituo cha kulelea watoto wachanga. Wanafunzi wengi waliishi kwa majina ya kubuni ili wazazi waliobaki nyumbani wasisumbuliwe na polisi. Mtoto aliacha mama, akaacha na jina alilopewa na mama. Mwaka 1992 walikabidhi majengo hayo wakarudi kwao, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Wazee wetu waliwaita wapigania uhuru, wakawauzia samaki, wakawaazima vitanda. Sijapata kusikia mzee hata mmoja akisema kwamba wazazi wa watoto wale wangefikiria familia kwanza kabla ya kumkera kaburu.

Nisiipambe historia yetu lakini, maana wakati Kurasini inafunguliwa, Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilikuwa tayari imepita, ikimpa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila mahakama. Bibi Titi Mohamed, aliyewatoa wanawake wa Dar es Salaam majumbani kujiunga na chama cha TANU na kudai uhuru, alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa kwa msamaha 1972. Mwaka huohuo, baada ya kuuawa kwa Mzee Karume, Rais wa Zanzibar, aliyekuwa waziri Abdulrahman Babu alitiwa ndani na kukaa katika magereza ya bara hadi 1978, huku mahakama ya Zanzibar ikimhukumu kifo bila yeye kuwepo. Wote wawili walikuwa na watoto. Tunayo Barabara ya Bibi Titi inayokatiza katikati ya jiji, napita hapo karibu kila siku, na ni hivi karibuni tu nilipojiuliza nani alikuwa akimpelekea chakula mwanawe. Januari 2001, baada ya vurugu za kisiasa, watu zaidi ya 2,000 walikimbia Pemba kwa ngalawa na mashua hadi Shimoni, Kenya, na nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikajikuta imewatoa. Tume ya Jaji Nyalali, iliyochunguza mfumo wa vyama vya siasa, ilikwisha kuitaja sheria ile ya 1962 miongoni mwa sheria 40 za kurekebishwa au kufutwa. Ilikuwa mwaka 1992.

Kila Juni 16 tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, siku iliyotokana na wale wa Soweto. Kuna maandamano ya wanafunzi, ngonjera, fulana, mgeni rasmi. Hotuba hutaja mimba za utotoni, ukatili, ajira za watoto, na zote ni za kweli. Mtoto ambaye dola ndiyo iliyomtenganisha na mzazi sijamsikia akitajwa, ingawa siku yenyewe ni yake.

Mengi yanayotakiwa hayahitaji sheria mpya. Askari anayemkamata mtu nyumbani anaweza kuuliza maswali mawili kabla ya kufunga mlango wa gari: una watoto, na hivi sasa wamebaki na nani? Vituo vyetu vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kila halmashauri ina ofisa ustawi wa jamii ambaye Sheria ya Mtoto inamtaka alinde watoto wa eneo lake. Majibu ya maswali hayo yaende kwao siku hiyohiyo, na mtoto aambiwe kituo alichopelekwa mzazi wake kwa jina. Gereza liruhusu ripoti ya shule ipite, ikaguliwe hata kwa tochi, isainiwe, irudi. Mahakama zikumbuke kwamba mahabusu aliye kwenye skrini ana mtu benchi la nyuma aliyekuja kumwona. Kubwa linalotaka uamuzi ni mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu wasitoweshwe, uliopitishwa mwaka 2006. Hatujauridhia. Na lile la dhamana lirudi bungeni, maana Mahakama ya Rufani ilisema kauli yake, lakini wabunge hawajafungwa mikono.

Kwa upande wetu majirani nina la kukiri. Miezi miwili ya kwanza nilimsalimia mama wa binti kwa mbali. Niliogopa. Nilipita upande wa pili wa njia nikijifanya naongea na simu. Aliyenitoa aibu ni mwalimu wa darasa wa yule mtoto, kijana ambaye hajamaliza hata miaka mitatu kazini. Alikuja nyumbani kwao jioni na madaftari, akakaa kwenye jamvi, akafundisha hesabu za sehemu kwa saa nzima mlango ukiwa wazi, kila mpita njia akimwona.

Mdogo wa binti ana miaka 5 na ameambiwa baba amesafiri kwa ndege. Dada mtu ndiye mlinzi wa uongo huo. Mgeni akikaribia kuteleza, yeye humtuma mdogo wake nje. Kila ndege ikipita chini juu ya mtaa wetu, mvulana anatoka mbio uwanjani kuangalia kama inatua.

Ripoti ilirudi shuleni Jumatatu. Mama yao alikuwa bado kitandani, hivyo nilisaini mimi kwenye nafasi ya mlezi, na mwalimu akaipokea bila swali. Jumanne kesi ilitajwa: upelelezi haujakamilika, imepangwa tena baada ya siku 14. Jioni ile nilimsikia binti kupitia ukutani akisoma kitabu cha Kiswahili kwa sauti, ukurasa mmoja mara tatu, na mdogo wake akimwomba anyamaze kidogo kwa sababu anataka kusikiliza ndege.